Vitabu Vilivyosingiziwa Kifo cha Yaya

Mwaka jana shangazi yangu wa Bwera, upande wa Uganda, alikuwa anahama chumba, akaniita kutoka Kasese nimsaidie kubeba vitu. Chini ya godoro nikakuta vitabu vya picha vitano, vile vya Kifaransa ambavyo marehemu baba alinunua Butembo kabla sijazaliwa. Panya walikuwa wamekula pembe. Shuka jekundu la yule shujaa anayeruka angani lilikuwa bado na rangi yake.

Nilikaa sakafuni nikafungua. Mimi shule niliacha darasa la tatu, na Kifaransa hakikuniingia. Kaka yangu mkubwa, tulimwita yaya, ndiye aliyejifanya anakijua. Ananisomea: huyu mwenye misuli anasema ameibiwa mbuzi, huyu mwenye kofia anakataa. Kila mara mtu akibaki ananing'inia kwenye jabali, pale chini pameandikwa “à suivre”. Yaya akasema hilo ndilo jina la shujaa, anatia sahihi. Basi tukamwita Asuivre, na mtoni tuligombana nani atakuwa Asuivre leo. Nilikuwa mtu mzima, nauza vitenge mpakani Mpondwe, ndipo mteja mmoja akaniambia maana yake ni “itaendelea”.

Katika masimulizi ya ukoo wetu, vitabu hivi ndivyo vilivyomuua yaya. Asubuhi ile watu wa bunduki walipoingia kijijini, upande wa Kasindi, Kongo, tulikimbia kuelekea mto Lubiriha, mpakani. Mimi nilikuwa mbele na mama. Yaya alikuwa nyuma na baba mdogo. Kufika mtoni, baba mdogo yuko peke yake. Akasema mtoto amerudia vitabu vyake vya upuuzi. Yaya hakuonekana tena. Mama alikufa akiamini alizaa mjinga, na watoto wetu wakikaidi wanaambiwa: utakufa kama yule wa Asuivre.

Sasa, yaya alikuwa na desturi. Kila anayeazima kitabu, anamwandika kwa penseli ndani ya jalada. Mstari wa mwisho ulisema: Shangazi, Bwera, vyote vitano, soko la Ijumaa.

Nikamuuliza shangazi. Akasema ndiyo, alivibeba yeye mwenyewe Ijumaa ile, ili watoto wake wavitazame.

“Na sisi tulikimbia siku gani?”

“Mulikuja Jumanne yenye ilifuata,” akasema. Kisha akakaa kitandani. Maneno ya vitabu alikuwa ameyasikia miaka yote, lakini, akasema, “nilizani iko na vingine.”

Yaya hakuwa na vingine; baba alinunua hivi vitano tu.

Baba mdogo anaishi uani hapo hapo. Ni mzee anayekaa kiti cha mbele kanisani, na watu wanamwamkia kwa mikono miwili. Nilimkuta anamenya maharage. Nikamwekea kitabu mapajani, nikamuuliza: yaya alirudia nini, kama vitabu vilikuwa huku Bwera?

“Mama, uko na maneno mingi kama avoka wa korti,” akasema.

Alimenya maganda matatu, manne.

“Radio,” akasema. “Nilimutuma radio yangu.”

Nikauliza kwa nini basi alisema vitabu. Akasema ilibidi aseme kitu, mama yangu alikuwa anamwangalia. Akaongeza kwamba wafu wako kwa Mungu, tusiwasumbue. Nikamwita shangazi aje, nikamwambia mzee arudie. Alirudia akiangalia maharage.

Jumapili, ukoo ulipokutana baada ya misa, alituma habari kwamba ana homa. Basi nilisema mimi. Nilisema ni yeye, mdogo wa baba, aliyemrudisha mtoto penye risasi kwa ajili ya radio, halafu akamsingizia. Wengine walisema namwonea mzee mgonjwa. Mmoja aliuliza nimepewa nini hadi niseme hayo. Shangazi peke yake alisema ni kweli, ingawa hajui kusema mbele ya watu.

Mwezi wa kumi na moja, kwenye misa ya wafu, jina la yaya lilisomwa. Miaka mingine huwa kuna anayemcheka Asuivre kidogo kwenye mabenchi ya nyuma. Safari hii niligeuka kutazama. Wote huko nyuma walikuwa wameinamisha vichwa.