Mikono ya Mama Mkwe

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo wa kushikwa kwa kiganja kimoja, na tangu siku ile kila mtu akawa mtumishi wake. Ndiyo maana bibi yake, mzaa baba, alimwita Mheshimiwa. "Hali mpaka ahudumiwe, hatoki mpaka abebewe mizigo, na akikohoa tu nyumba nzima inasimama," alisema. "Huyo kama si mheshimiwa ni nani?"

Alilishwa kwa mpira mwembamba uliopita puani ukashuka hadi tumboni, kwa sababu kumeza hakuweza. Kila kilichotiwa mdomoni kilikosea njia kikaingia mapafuni. Mama yake, fundi cherehani wa kushona sare za shule, alifundishwa wodini: vuta maji kidogo ya tumboni kwa bomba la sindano uone kama mpira uko tumboni kweli, kisha mimina maziwa, liinue bomba juu, uyaache yashuke yenyewe. Usiwe na haraka. Fundi akajifunza, angefanyaje?

Na wengine? Thubutu! Dada zake walikuja na vitenge na sabuni, wakauona ule mpira puani, kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Mashoga zake wakamwaga pole mpaka masikio yakamchoka, na pole haijawahi kumbadilisha mtoto nepi. Mumewe, dereva wa lori, akirudi nyumbani alikaa pembeni ya kitanda kama mtu aliyekuja kuhani msiba. Fundi akawa halali wala haogi sawasawa. Siku moja alijikuta anamchukia kila mwenye mtoto mzima barabarani, akajiogopa.

Muuguzi wa kliniki hakumzungusha. "Dada, tafuta mtu wa pili. Wewe ukianguka, na huyu ameanguka." Huko karakana nako tajiri wake alishatuma ujumbe kwamba cherehani haiwezi kumngoja milele.

Mtu wa pili akawa mama mkwe. Jamani, yule mama alikuwa mwoga wa hata kuchomwa sindano! Lakini alikuja na begi lake, akajifunza kwa chupa ya maji kwanza, jasho likimtiririka, mpaka mkono ukatulia. Fundi akarudi kazini. Siku ya kwanza akashona kola nje ndani kwa wasiwasi, siku ya pili akacheka na wenzake, na wiki haikuisha akajiona mtu tena.

Kosa la mama mkwe lilitokana na mapenzi, ndiyo maana linauma. Alikuwa amelea watoto wake na wa majirani, na hajawahi kuona mtoto asiyejua ladha ya kitu. Mheshimiwa alipomtazama akila, roho ilimuuma bibi. Si maziwa yale yale? alijiuliza. Kama tumbo linayapokea, ulimi una kosa gani? Akatia sukari kidogo, akachota kwa ncha ya kijiko.

Simu ilimkuta fundi kwenye mashine. Alipofika hospitali mtoto alikuwa wa bluu midomoni, madaktari wamemzunguka. Mama mkwe alisimama ukutani na kijiko bado mkononi. Fundi akamvaa palepale mbele ya watu: "Umemuua mwanangu! Mchawi wewe!"

Mtoto hakufa. Alirudi nyumbani na mpira wake, na sasa na mashine ya oksijeni inayonguruma kutwa, mapafu yakiwa yameharibika zaidi. Fundi akapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, nisamehe. Hasira zilinipanda. Usiondoke, sina mwingine, wallahi sina."

"Nilishakusamehe, mwanangu." Mama mkwe alificha mikono kwapani. "Ila simshiki tena. Nikiuona ule mpira natetemeka mwili mzima. Nitamuua kweli."

Akabembelezwa mpaka akalia, hakukubali. Fundi akamtumia tajiri ujumbe kwamba ampe mtu mwingine ile cherehani. Akaona maisha yake yote yaliyobaki yakiwa chumba hiki na mngurumo huu, yeye peke yake mpaka mmoja wao atangulie, na hakujua amwombee nani.

Begi lilishafungwa. Mama mkwe akafika mlangoni, akageuka.

"Mkwe wangu, nikwambie kitu, ukitaka unipige. Sukari ilipomgusa ulimi, alitabasamu."

 Tangu azaliwe, Mheshimiwa hakuwahi kutabasamu. Fundi alikuwa amemchekea, amemwimbia, amemtekenya nyayo, na mtoto akaangalia dari. Hasira ikampanda upya, na wivu mkali juu yake.

"Alitabasamu vipi?" aliuliza. "Nionyeshe."

Mama mkwe akajaribu kuliiga lile tabasamu kwa mdomo wake mwenyewe, midomo ikamcheza tu, machozi yakamharibia.

"Sijaona," fundi alisema. "Jaribu tena, mama."