Mwanangu Hagusi Kijiko, Kilo Zinapanda

Mwanangu wa miezi minane alikuwa hataki kula. Namaanisha hataki kabisa, hata kijiko kimoja. Lakini kila nikimpima, kilo zinapanda.

Cheka basi. Mimi sikucheka.

Jioni nikitoka kazini naponda kiazi na karoti, laini kabisa, namkalisha. Akiona kijiko tu, mdomo kufuli.

Kilichonichoma zaidi ni kazi yangu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Ndimi ninayesimama mbele ya kina mama na kuwaambia: miezi sita anza na vyakula laini, ongeza kidogo kidogo, usimlazimishe. Wanaitikia, "Sawa, sista." Halafu wangu ananitemea karoti usoni!

Siku moja nikampima kwenye mzani wa kazini. Kaongeza gramu mia nne kwa mwezi.

"Hongera, unamlisha vizuri," mwenzangu akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Namlisha mimi? Mchana nyumbani yupo mtu mmoja tu, mama mkwe.

Damu ikanichemka. Nilishamwambia kwa mdomo wangu kwamba chakula cha mtoto nampa mimi, yeye ampe maziwa niliyokamua, basi. Kumbe ananizunguka! Lazima anamjaza uji wa sukari, ili jioni mimi nionekane sijui kulea. Nikampigia mume wangu.

"Mama yako anarudi kwake wiki hii. Ama yeye, ama mimi."

"Taratibu, mke wangu."

"Taratibu mwenyewe!" Nikakata simu.

Kesho yake nikaomba ruhusa saa sita mchana, nikaingia nyumbani bila hodi.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini jikoni, anakula chakula chake. Mtoto yuko mbele yake, kiazi mikononi, kiazi masikioni, kiazi hadi kwenye nywele. Bibi anatafuna, anamchekea. Mtoto anamkodolea macho, anajiokotea mwenyewe, anatia mdomoni. Likibaki bakuli tupu, analipiga kofi: lete!

Na bakuli lenyewe ni langu. Ndani yake kiazi changu cha jana, kilekile alichonikatalia.

"Mama!" nikafoka. "Nilikwambiaje?"

Mtoto akageuka. Akaniona.

Akafunga mdomo. Mikono akaikusanya kifuani.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Nifukuze ukitaka, mwanangu, begi langu si zito. Lakini jioni nakuona. Unamviringisha taulo, mikono ndani, asije akakuchafulia sare. Unambana mashavu. Simu umeitegesha hapo, dakika kumi awe amemaliza. Hata mimi ningefumba mdomo."

Nilikuja na maneno ya kutosha kumtoa nyoka pangoni. Lakini hakuna alichosema ambacho sikufanya. Tena kwa kina mama wa kliniki nilishayakemea hayohayo, kwa sauti ya juu.

Nikakaa sakafuni na sare yangu nyeupe.

"Usimlishe," mama akaniambia. "Kula wewe."

Nikala kile kiazi kilichopoa huku machozi yananitoka. Mtoto hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu, itafanya nini.

Siku ile hakula mbele yangu. Wala kesho yake. Alikula siku ya tano.

Mama mkwe yupo hadi leo, na nilimwomba radhi mbele ya mwanawe. Hasira ninayo bado, ila sasa najua nimkasirikie nani.

Jamani, mtoto haogopi chakula. Anamwogopa anayekileta. Na wewe unayesoma hapa huku umembana mwanao pua ili ameze, mwachie. Sasa hivi.