Rangi Kuchani mwa Imamu

Mume wangu Shaame alikuwa mpaka rangi kule Wete, na jioni akirudi Mgogoni alikuwa imamu wa msikiti wetu mdogo, huu wa pembeni ya ua wangu. Nani aliyemwambia achanganye kazi hizo mbili, sijui. Rangi ya mafuta ikikauka juu ya kucha ni kizuizi: maji hayapenyi, na maji yasipofika mwilini udhu haukutimia. Basi kila siku ya Mungu, kabla ya Magharibi, mtu wangu hukaa uani na kopo la mafuta ya taa na kitambaa, akasugua vidole mpaka vikachanika. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa. Hata wali wangu ulinuka.

Akimaliza hunyoosha mikono. "Mama Tatu, hebu n'tazamie. Imetoka?"

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mlango aliuona, ubavu wa kabati aliuona, lakini kucha zake mwenyewe hakuziona. Hilo tulilijua mie na yeye tu, maana nani atampa kazi mpaka rangi asiyeona? Kwa hiyo mie ndiye niliyetazama. Miaka miwili natazama kucha za mwanamume mzima kama natafuta chawa.

Mwaka huo wa hamsini na tisa karafuu zetu hazikuzaa kitu, na kazi yoyote iliyopita mlangoni tuliikamata. Bi Kamlaben, mke wa mwenye duka la nguo, akamwita amtengenezee bafu. Binti yake kaposwa, wakwe wanakuja kutoka Unguja, na bafu lenyewe masika yamelimaliza. Kabati la ukutani rangi inabambuka, kabati la chini ya beseni mlango umevimba haufungi, vitasa na bawaba kutu tupu. Kununua mengine mumewe hakutaka hata kusikia.

"Bwana Shaame," akamwambia, "nifanyie hayahaya yawe mapya."

Akayafanya, wallahi, kazi anaijua. Alifungua milango, akatoa vitasa na bawaba na vile vyango vya kutundikia taulo, akavipanga juu ya gazeti ili asipoteze hata skrubu moja. Kutu akaiondoa kwa msasa. Mlango uliovimba akaupiga randa. Makabati akayapaka samawati, mkono wa kwanza na wa pili, na kila mkono angoje ukauke na mvua haikati. Siku ya nne, Jumatano, akapaka vyuma rangi ya fedha. Hiyo ya fedha ndiyo iliyotuponza. Samawati ukiisugua inabanduka. Ile ya fedha huingia kwenye shina la kucha ikalala humo.

Mie Jumatano hiyo nilishinda kondeni napalilia muhogo. Nimerudi mgongo si wangu. Kuni mbichi, moshi machoni, chungu hakichemki. Shaame kasugua, kasugua, kaja na mikono yake jikoni.

"Mama Tatu, imetoka?"

"Imetoka," nikamwambia. "Nenda, watu wanakungoja."

Wala sikuinua kichwa.

Akasalisha. Walipotoa salamu akawageukia watu, akainua mikono kuomba dua, na karabai inawaka juu yake. Safu ya kwanza kakaa Mbarouk, mtu ambaye tangu azaliwe kazi yake ni kuchungulia ila za wenzake. Nilimsikia nikiwa jikoni.

"Yakhe, hizo kucha zinameremeta nini?"

Ebo! Msikiti ukageuka soko. Huyu anasema tusali tena, yule anauliza na za juzi je. Mbarouk katoka mpaka uani kwangu anapiga kelele: "Siku zote hizi tunasali nyuma ya kabati la bafuni!" Na watu wakacheka, hao hao ambao Shaame aliwazikia wazazi wao na kuwasomea harusi zao.

Shaame angesema "mke wangu ndiye aliyenitazamia," macho yake yangejulikana, na mie ningeaibika. Aliyameza yote akaja ndani, akakaa.

Alhamisi wakamleta Shehe Nassor kutoka Wete. Shehe kasikiliza, kasema neno moja tu: walio nyuma hawakujua, sala yao imesihi, haina kasoro, imamu peke yake ndiye atakayeirudia yake. Mbarouk akafyata. Wazee wakaja uani, haya zimewajaa.

"Haya, Mzee Shaame, yamekwisha. Leo rudi mbele."

"Mwekeni mwengine."

"Umenuna?"

"Sikununa. Mwekeni mwengine."

Wakaondoka wanasema kasusa. Na mie nilikasirika naye, kusema kweli. Mtu kasafishwa na Shehe mbele ya umma, anajitia nini tena? Lakini nilipoingia ndani nikamkuta juu ya mswala. Kaambiwa arudie sala moja, yeye anarudia za siku nne nzima, zote za kazi ya bafu. Magoti yanalia kila akiinuka. Nikasimama mlangoni, nafsi inanisuta. Alipotoa salamu ya mwisho nikasema.

"Baba Tatu, jana mie sikutazama. Nilikuwa nimechoka, nikasema tu imetoka. Nisamehe."

Alikuwa anakunja mswala. Hakuacha kuukunja.

"Najua," akasema. "Nilikuona. Uso wako ulikuwa kwenye chungu."

"Lahaula! Sasa kama ulijua, mbona ulikwenda?"

Alitazama vidole vyake, ingawa kucha hazioni.

"Na mie nilichoka, Mwanapili," akaniita kwa jina langu. "Nilichoka kusugua. Nilitaka uniambie imetoka, ukaniambia, nikaenda na neno hilo mbele ya watu." Akauweka mswala kitandani. "Shehe kaulizwa habari ya rangi tu. Hili hakuulizwa."