Bango la Ukurasa wa Tisini

Mwalimu wa historia, yule ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Kama, alikuwa na swali alilolipenda kuliko mshahara: "Kama vita visingetangazwa, nchi yetu ingekuwaje leo?" Kila mwaka alilitoa, na kila mwaka aliupita mbio ukurasa wa tisini wa kitabu, wenye picha ya umati uliofurika mbele ya bunge asubuhi ile, kabla viongozi hawajakata shauri. Katikati kulikuwa na bango la fimbo mbili: TUNATAKA VITA LEO. Aliyeshika fimbo ya kushoto alifichwa uso na kofia. Wa kulia alikatwa na ukingo wa picha, akabaki mkono tu.

Aliyemkamata ni mjukuu wake mwenyewe, binti wa marehemu mpwa wake, mwanafunzi wa dawati la mbele. Baba yake aliliwa na vita hivyo, binti angali tumboni. Katika insha yake aliandika kwamba wabunge walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, na kama umati usingekwenda kuwapigia kelele, wangerudi kuzungumza na nchi jirani. Mwalimu alimpa alama kumi na moja kwa ishirini, akaandika kwa wino mwekundu: "Hakuna ushahidi."

Basi binti akamfuata wakati wa mapumziko, kitabu mkononi.

"Babu, hii K yenye mkia kwenye bango si ya kwako? Mbona tunaiona ubaoni kila siku?"

"Hapa shuleni mimi ni mwalimu," alimkata. "Na wenye mwandiko huo ni wengi."

"Sawa, Mwalimu."

Lile "sawa" lilimchoma. Mzee mzima, mvi kichwani, anamdanganya mtoto aliyemlea! Miaka kumi na saba alijipoza kwa hoja moja: wakubwa walikwisha amua, bango lake halikuongeza wala kupunguza kitu. Lakini hoja hiyo angeileta mwanafunzi, angemwandikia vilevile kwamba hakuna ushahidi. Asubuhi iliyofuata aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Siku hiyo hakusalimia darasa. Alichukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: TUNATAKA VITA LEO.

"Fungueni ukurasa wa tisini."

Vichwa viliinama, vikainuka, vikainama tena. Hakuna aliyecheka, na darasa lile hucheka hata kengele ikilia.

"Niliandika mimi," alisema. "Jana nilikana. Nilisema uongo."

Binti akainua mkono kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

"Mwalimu, na huu mkono wa kulia ni wa nani?"

Aliweka chaki mezani.

"Alikuja kunirudishia baiskeli. Akasema ana kazi, anakwenda zake. Nikamwambia, shika hapa kidogo tu, mjomba wako amechoka. Watu wakamshangilia. Jioni ile ile akajiandikisha jeshini."

Binti hakulia. Aliweka kidole juu ya ule mkono, akakiacha hapo mpaka kengele ilipolia.