Mwanamke wa Tuta la Vabena

Sikuhadithiwa hili na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, jua halijazama, nikiwa sina homa wala sijaonja pombe. Arap Rono, mpishi tuliyefanya kazi naye, angekuwa hai angewaambia vilevile.

Nilikuwa nimetoka kwetu kando ya ziwa kutafuta kazi Kericho, enzi zile chai ya Kimulot ilikuwa bado kimo cha goti. Nikapata kibarua cha bustani nyumbani kwa meneja. Mke wake, ambaye sote tulimwita memsabu, alililia ua moja tu, vabena: mmea mfupi unaotambaa, maua yake madogo ya zambarau yamesongamana kichwa kimoja. Ukiutunza huchanua mwaka baada ya mwaka. Mama yake alikuwa akiupanda huko kwao Ulaya, na mbegu zilikuja kwa posta.

Sasa, mnaijua mvua ya Kericho? Karibu kila alasiri inashuka, na vabena haitaki mizizi yake ilale majini. Mbegu za kwanza zilioza. Za pili ziliota, zikafika urefu wa kidole, nazo zikaoza.

"Hii ya mwisho," memsabu akaniambia. "Ikikufa, wewe enda kung'oa visiki."

Kule kwenye visiki, msitu ulikokuwa ukifyekwa ili chai ipandwe, ndugu yangu niliyekuja naye alikuwa amevunjwa mguu na gogo.

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka hadi kwenye mabati. Nimechuchumaa kando ya tuta, nawaza nitapanda wapi, nikaona mwanamke mzee amesimama karibu nami. Amevaa ngozi, ndewe za masikio zimetobolewa zikaning'inia. Nikadhani ni mama wa mfanyakazi. Akasema kwa Kipsigis, ambacho nilikisikia kidogo, "Hapo maji yanalala. Panda kule kwangu." Akaonyesha mwinuko nyuma ya jiko.

"Kwako wapi, mama?"

"Penye majivu. Lakini mawe yangu usiyaondoe."

Niligeuka kutazama huko. Kurudisha macho, hayupo. Hilo halikunitisha, ukungu huficha watu. Kilichonitisha ni nyasi. Zilikuwa nyeupe kwa matone ya mvua, na zilizokanyagwa ni zile nilizopita mimi tu. Niambieni, mtu hutembeaje hivyo?

Kesho yake nikachimba pale mwinukoni. Udongo ulikuwa mwepesi, umejaa majivu, na katikati mawe matatu ya kupikia, meusi kwa moto. Arap Rono akatoka jikoni, akaweka sufuria chini.

"Hapa palikuwa na nyumba ya kogo mmoja, nyanya wa jirani zetu," akasema polepole. "Walipohamishwa ili chai ipandwe, alikataa chakula. Hakumaliza mwezi."

Nilipanda. Miche ilipopata nguvu nikaikata ncha itoe matawi, na matawi marefu nikayalaza chini yashike mizizi. Vabena ikachanua ikayazunguka yale mawe. Memsabu alifurahi, lakini akanyoosha kidole.

"Toa hii mawe. Mbaya."

"Siwezi, memsabu. Yana mwenyewe."

Niaminini, nilishayaona maisha yangu kule kwenye visiki. Akanitazama kwa hasira, akasema asubuhi bwana atayatoa mwenyewe.

Asubuhi alikuja peke yake, amejifunika shali. Sauti ilikuwa ya chini.

"Ile mama mzee ya jana jioni, nani alisema akae hapa?"

"Mama gani, memsabu?"

"Ile naota moto kwa mawe."

Hakuna aliyekuwa amewasha moto pale. Memsabu akayatazama mawe, akasema, "Wacha mawe." Tangu siku hiyo hakupita pale bila kuvua kofia yake.

Memsabu na bwana walipohama, wageni waliowafuata wakataka tangi la maji mahali pale pale. Niliomba ruhusa nikarudi kwetu. Sikungoja kuona.

Hata nilipopewa shamba nyumbani, nilikaa msimu mzima nikiuliza wazee kabla ya kuchimba msingi. Mke wangu alilalamika hadi akachoka. Wewe unayenunua kiwanja leo na kutia jembe leo, uliza kwanza nani alipika hapo. Ukijibiwa hapakuwa na mtu, uliza tena.