Barua ya Bomba

Juzi hapa Temeke waendesha bodaboda walipeleka barua ya kuomba kituo, na ofisa akawauliza kwanza wao ni wa chama gani. Nikamkumbuka mama.

Alasiri moja, enzi za ukoloni, nyumba yetu ilinukia maandazi na wino wa dole gumba. Mama na wapika maandazi wenzake walikuwa na chama chao, na walikuwa wamemwandikia Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, kuomba bomba la maji. Mama akiwa kisimani, alikuja bwana mmoja aliyevaa kanzu. "Nimetoka chamani," alisema. Kwangu chama kilikuwa kimoja tu, cha mama. Nikampa barua.

Mama aliporudi alitua ndoo kwa kishindo. "Umempa mtu wa siasa?" Tulimkimbilia, tukamkuta ameshaipiga mhuri wa kadi za chama chake cha siasa.

"Mama, tukishika serikali bomba mtapata," yule bwana alisema kwa upole.

"Baba, watoto wana kiu leo. Nyie mnataka kukaa kwenye kiti. Sie tunataka aliyekaa atusikie, awe yeyote."

Kwa mhuri ule, Bwana Shauri asingeipokea. Nikaiandika upya, tukazunguka tena nyumba kwa nyumba kuomba madole. Kwenye kila mlango mama alisema, "Huyu ndiye msomi wangu," akashusha pumzi.

Bomba lililetwa mvua zikiwa zimeshaanza. Mama alilifungua, akanawa uso, na jioni ile ile akaenda kuchukua kadi kwa yule bwana.

"Maji tumepata," aliniambia. "Sasa tukakishughulikie kiti."