Fundi wa Korona na Tangazo Jekundu

Isihaka Mhando aliijua mashine ya mkonge kabla hajajua kusoma. Baba yake alikuwa fundi katika shamba moja nje ya mji wa Korogwe, na nyumba waliyopewa kambini ilikaribiana mno na kiwanda. Korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kuacha singa tupu, ilipowashwa alfajiri, vikombe vilitikisika kabatini na watoto wakajua kumekucha. Harufu ya makapi, ambayo wageni huizibia pua, kwake ilikuwa harufu ya utoto. Hata sasa, na umri umeshapita miaka hamsini na mitano, akipita karibu na kiwanda hupunguza mwendo ili aivute.

Mama yake, Bibi Chausiku, hakuipenda kambi hata siku moja. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mtu wa shamba la mahindi na muhogo, na kila shule zilipofungwa aliwafunga watoto wake virago wakaenda kwao Chanika. Huko ndiko Isihaka alikojifunza kula bada la moto, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, na kuongea Kizigua bila kuchanganya. Baba alipofariki, mama alirudi Chanika moja kwa moja. Isihaka akabaki kiwandani, akashika spana za baba yake.

Alishika vizuri. Mwaka 2009 shamba lilipopunguza watu, kukaja habari kwamba kampuni moja ya mkonge kusini mwa Madagaska inatafuta fundi anayeijua korona ya zamani, ile ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena kokote. Isihaka alikuwa amemwoa Hajira miaka miwili tu kabla ya hapo, na walikuwa wamepanga chumba na sebule Manundu, mjini Korogwe. Walizungumza juma zima. Mwishowe Hajira alisema aende, yeye atabaki na cherehani yake, na asikae sana.

Alikaa miaka tisa, akija nyumbani mara moja kila mwaka.

Ukimuuliza leo kuhusu Madagaska, hataanza na mashine. Ataanza na maneno. Siku ya kwanza alimsikia mtu akimwita mbwa *amboa*, na ng'ombe *omby*, na kanga wa porini *akanga*, akasimama pale njiani na begi lake begani, akahisi kama kuna ndugu zake waliopita kule zamani sana wakasahau kurudi. Aliyemcheka siku ile ni Velonjara, aliyepaka mashine grisi kiwandani, kijana mrefu mwenye kovu shavuni. Velonjara ndiye aliyemfundisha lugha, akampeleka kwao kwenye mazishi na harusi, na akamzoesha kula wali asubuhi, mchana na jioni. Jioni walikaa kwenye kizingiti cha karakana wakitazama mistari ya mkonge ikienda mpaka upeo wa macho, na milingoti ya maua imesimama katikati yake. Isihaka alikuwa akimwambia kwamba Korogwe ni hivi hivi, ila nyuma yake kuna milima ya Usambara. Velonjara aliuliza sana habari za hiyo milima. Hakuwahi kuona mlima unaotoa mvua.

Machi 2018 simu ilitoka Chanika kwamba Bibi Chausiku amelazwa. Isihaka aliandika barua ya ruhusa, meneja akaisaini, akakabidhi funguo za stoo mbele ya watu wawili. Alifika Handeni mwishoni mwa mwezi. Mama alimtambua, akamuuliza kwa Kizigua kama amekula. Siku ishirini baadaye alifariki.

Hakurudi tena Madagaska. Alituma taarifa kwamba ameacha kazi, akakaa Manundu na mkewe, akawa anaitwa huku na kule kwenye viwanda vya mkonge mashine zinapogoma. Miaka mitano ikapita hivyo.

Mei 2023 aliitwa kufunga korona katika shamba moja upande wa Kilifi, Kenya. Alikata tiketi, akapita Tanga hadi kituo cha mpakani cha Horohoro. Pale dirishani afisa wa uhamiaji alipitisha pasi yake kwenye mashine, akatazama kompyuta, akamtazama yeye, kisha akamwomba kwa upole sana akae pembeni. Isihaka alikaa. Basi lake likaondoka akiliona. Baadaye wakaja askari wawili, mmoja akamsomea kwamba anatafutwa na polisi wa kimataifa kwa maombi ya Madagaska, kwa kosa la kuiba mota mbili za umeme na ngoma ya shaba ya mashine, mali ya mwajiri wake.

Anasema hakusikia woga kwanza. Alichosikia ni aibu, kwa sababu mama mmoja wa Manundu aliyemjua alikuwa kwenye foleni wakati ule, akaona akifungwa pingu.

Alilala mahabusu Tanga siku sita. Hajira alikwenda kwa wakili Rosina Shemhilu, mwanamke wa Kishambaa mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Korogwe. Kazi zake nyingi zilikuwa za mirathi na mipaka ya mashamba. Alimwambia Hajira ukweli kwamba kesi ya namna hii hajawahi kuishika, ila sheria yake anaweza kuisoma, na akaisoma usiku na mchana. Alipofika mahabusu alimwamkia Isihaka shikamoo, akaketi, akafungua daftari.

"Mzee Isihaka, watu watakuambia kwamba kesho utapandishwa ndege," alisema. "Siyo kweli. Hili linaitwa tangazo jekundu. Ni polisi wa nchi moja wanawaomba polisi wa nchi nyingine wakutafute. Halikuhukumu. Ili upelekwe kule, serikali yao lazima ilete maombi kwa maandishi kwa serikali yetu, na hakimu wa hapa ayapime. Anaangalia kama kosa hilo ni kosa hapa kwetu pia, na kama kuna ushahidi wa kutosha. Hapo ndipo tutakaposimama."

Isihaka akamuuliza hapo watasimama na nini.

"Ndicho ninachokuja kukuuliza wewe," akajibu Rosina.

Hakimu alimpa dhamana kwa masharti: wadhamini wawili wenye nyumba, pasi ibaki mahakamani, asitoke mkoa wa Tanga, na aripoti polisi kila baada ya wiki mbili. Mdhamini mmoja alikuwa kaka yake Hajira. Wa pili alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alikuwa Koisaba, mfugaji wa Kimaasai aliyejenga Chanika jirani na Bibi Chausiku, na ambaye miaka ya ukame mama huyo alimruhusu anyweshe ndama zake kwenye kisima chake. Alifika mahakamani na shuka lake na fimbo. Akaambiwa fimbo aiache mlangoni, akaiacha, akaweka saini.

Karatasi za Madagaska zilifika Agosti, zimetafsiriwa kutoka Kifaransa. Rosina alizisoma mara tatu kabla ya kumwita Isihaka ofisini. Meneja wa shamba alikuwa ameapa kwamba vipuri vilitolewa stoo siku ya tarehe 18 Aprili 2018, na kwamba fundi Isihaka Mhando alitoroka navyo siku hiyo hiyo.

Isihaka alicheka kidogo kwa uchungu. Tarehe 18 Aprili ilikuwa siku ya pili baada ya kumzika mama yake. Lakini kusema si kuthibitisha. Pasi yake ya zamani, yenye mhuri wa kuingia nchini, ilikuwa imelowa mafuriko yalipoingia Manundu, na mihuri yote imekuwa doa moja la bluu. Rosina alikuwa ameiandikia idara ya uhamiaji kuomba kumbukumbu, na jibu lilikuwa halijaja.

Kulikuwa na njia nyingine. Velonjara alikuwa bado yupo kiwandani kule. Mwaka ule wa 2018, wiki chache baada ya msiba, alimpigia Isihaka simu kumpa pole, na katika mazungumzo akamwambia kwamba ameona mota zikipakiwa kwenye lori la meneja. Wakati ule Isihaka hakulitia maanani. Sasa Rosina aliposikia hivyo aliweka kalamu chini. Akasema kiapo kimoja cha mtu huyo kingeimaliza kesi kabla haijaanza.

Isihaka akakataa. Rosina akamweleza tena, taratibu, akidhani hakuelewa. Alikuwa ameelewa. Alimwambia kwamba meneja ni yule yule, na Velonjara ana watoto wanne, na kule ukitolewa shambani hakuna pengine pa kwenda ila jua. Hajira aliposikia alirudi kwenye cherehani yake. Siku ya tatu alimwambia mumewe, akiwa anakata kitambaa, kwamba kama hawezi kumtafuta huyo, basi amtafute mama yake.

Isihaka alielewa anachoambiwa. Tangu msiba, nyumba ya Chanika ilikuwa imefungwa. Alikuwa akifika, anafagia uwanja, anasalimia majirani, anaondoka. Ndani hakuingia. Ufunguo ulikaa kwa Koisaba.

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Koisaba alifungua mlango, akabaki nje. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la Handeni juu ya kila kitu, na chungu cha bada kimefunikwa kichwa chini kama mama alivyokiacha, na khanga mbili zimekunjwa kwenye kamba. Isihaka alisimama katikati ya chumba kwa muda mrefu. Anasema alisikia harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi, akawa mtoto wa miaka minane aliyetoka kambini kwa likizo, anasubiri kuulizwa kama amekula. Hajira hakumgusa. Alimwacha alie amalize, ndipo akavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda.

Mlikuwa na kadi ya kliniki ya Isihaka mwenyewe, picha ya baba amevaa ovaroli, barua zote alizotuma kutoka Madagaska, ambazo mama alikuwa akisomewa na watoto wa jirani, na juu kabisa bahasha aliyoiweka yeye mwenyewe siku za msiba na kuisahau. Ndani yake kulikuwa na kibali cha mazishi cha ofisi ya mtendaji na nakala ya fomu ya kuandikisha kifo. Kwenye kibali, mahali pa mtoa taarifa, palikuwa na jina lake, saini yake na mhuri: 16 Aprili 2018. Kwenye fomu ya kuandikisha kifo, saini yake tena: 19 Aprili.

Alitoka nje akamwonyesha Koisaba. Koisaba alizishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi sihitaji hizi," alisema. "Ulishuka kaburini upande wa kichwa. Mimi nilikuwa juu nakupa udongo. Nitasema hivyo popote."

Na alisema. Novemba alisimama kizimbani Tanga akasema hivyo hivyo, kwa Kiswahili chake kifupi. Jibu la uhamiaji nalo lilikuwa limefika, likionyesha kwamba Isihaka aliingia nchini Machi na hakutoka tena mwaka ule. Hakimu alisema wizi wa mtumishi ni kosa hapa kama kule, lakini ushahidi ulioletwa hauwezi kumweka mtu huyu mahali pa kosa siku ya kosa. Akakataa kumpeleka, akamwachia. Isihaka anakumbuka kwamba nje mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na kwamba Hajira alimshika mkono barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Rosina hakusherehekea. Aliwaambia kwamba uamuzi wa Tanga unamlinda ndani ya Tanzania tu. Kwenye kompyuta za nchi nyingine tangazo bado lipo, na akivuka mpaka wowote atakaa tena pembeni kama alivyokaa Horohoro. Kuna tume inayochunguza mafaili ya polisi wa kimataifa, makao yake Ufaransa, na mtu yeyote anaweza kuiandikia aombe jina lake lifutwe. Aliandika kurasa kumi na moja, akaambatisha hukumu na zile karatasi za sanduku. Kisha wakangoja. Krismasi ikapita, Ramadhani ikapita, mahindi ya Chanika yakavunwa. Isihaka aliendelea kutengeneza mashine za Korogwe mpaka Mkumbara, na kila simu ya Rosina ilipoita aliweka spana chini.

Barua ilikuja Oktoba 2024. Tume ilikuwa imeona kwamba taarifa zile hazikidhi kanuni, na imeagiza zifutwe.

Shamba la Kilifi lilikuwa limeshapata fundi mwingine siku nyingi. Isihaka anasema hakusikitika sana. Alichokosa hakikuwa Kilifi. Alikosa kizingiti cha karakana, na mtu wa kumuuliza habari za milima. Kwa mwaka mzima na nusu hakumpigia Velonjara, kwa kuogopa kwamba sauti yenyewe ingemletea balaa. Sasa alimpigia. Velonjara alikuwa ameshaacha shamba, anauza mbuzi. Meneja alikuwa ameondoka nchini. Isihaka alimweleza yote tangu Horohoro, kwa lugha ile aliyofundishwa naye, na maneno mengine yalikuwa yamemtoka ikabidi ayazunguke.

Velonjara alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungeniomba, ningesema."

"Najua," Isihaka alimjibu. "Ndiyo maana sikukuomba."

Baada ya hapo walizungumza habari za watu: nani ameoa, nani amezikwa, mvua imenyesha au haijanyesha. Velonjara alimuuliza bei ya mbuzi Handeni. Isihaka hakuwa na hakika, akamwambia atamuuliza Koisaba kesho, na atampigia tena.